Mwenye Namba Apewe Picha Yake

Fundi wangu,

Leo ni siku ya thelathini na nne tangu tukulaze nyuma ya studio, na sijakuandikia hata mstari mmoja kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Bado ninayo. Kama unataka salamu kwanza, basi mama yako hajambo, mimi sijambo, na yule jogoo wako mwekundu ameliwa na kicheche. Mvua haijagusa Karatu. Huko juu Ngorongoro nako wanasema ukungu unakuja na kuondoka bila kuacha tone, na vumbi limeingia mpaka kwenye maboksi ya karatasi za picha uliyonikataza kuyafungua ovyo. Sasa nisikilize, maana kesho asubuhi uzio unafunguliwa na sina muda.

Ayo, mama yako, ameshika desturi ya wazee kama alivyokuahidi. Padri alipomaliza sala na kuondoka zake, Ayo aliburuta matawi ya miiba kwa mikono yake akaziba njia. Unajua alivyo. Kila aliyekuwa ndani roho yako ilipotoka abaki ndani mpaka siku zitimie na kondoo achinjwe. Asiingie mtu, kisitoke kitu. Tuliokuwa ndani ni wawili tu, yeye na mimi. Maji tunachotewa, tunawekewa kwenye jiwe nje ya miiba, na anayeyaweka anarudi nyuma kwanza ndipo sisi tusogee. Vijana wa hapa mjini wanaicheka desturi hii wakiwa kilabuni, lakini wakifika usawa wa miiba yetu wanahamia upande wa pili wa njia.

Mwanzoni niliona ni kifungo. Siku ya tisa ndipo nilipojua kwamba kifo chako kimenificha.

Siku hiyo alikuja mwanamume mmoja akasimama karibu na lile jiwe. Mimi nilikuwa nachanja kuni. Alisalimia kwa Kiiraqw, na kabla sijainua kichwa nilishamjua. Ilikuwa sauti ya Gwandu. Kaka yangu wa tumbo moja, Fundi, yule niliyekusimulia kwamba alinifundisha kukamua, na ndiye huyo huyo aliyesema angenifunga kamba mpaka kwa mchumba kama ingebidi. Nilikuwa sijamwona miaka kumi. Amekonda, nywele zimerudi nyuma, lakini bado anasimama ameegemea mguu mmoja.

Nilimjibu kwa Kiswahili, sauti nimeishusha mpaka chini kabisa, kama wale wa mjini wanaojifanya wamesahau lugha ya kwao. Naye akageukia Kiswahili chake cha shida. "Kaka, pole na msiba," akasema. "Mimi natafuta mtu wa picha." Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye nailoni, akakiinua ili nikione kutoka nilipokuwa.

Aliniita kaka. Miaka yote ya utoto nilitamani aniite hivyo, amekuja kuniita siku asiyonijua.

Picha unaijua. Msichana wa miaka kumi na minane, gauni la maua la kuazima, macho chini. Alipoigeuza niliuona muhuri wa studio nyuma yake, na chini ya muhuri, kwa ule mwandiko wako wa kuringia, namba 212.

Hasira yangu ilianzia hapo. Ngoja nikukumbushe, usije ukasema nakuonea.

Mwaka sabini na nne baba alinituma kwako nipigwe picha ya kupelekwa kwa wazazi wa mchumba. Ukapiga. Ukaandika kwenye daftari lile jina nililopewa nikizaliwa, jina la baba na kijiji chetu kule Mbulu. Jina hilo silirudii hapa. Kisha ukaniona nalitazama koti lako la studio, lile jeusi la kuazimisha wateja wasio na koti. Hukuuliza kitu. Ulilitoa kwenye msumari, ukanishikia mikono ya koti kama fundi cherehani, ukasema, "Simama tena." Hiyo ikawa 213. Nilizaliwa nikaitwa msichana, na sikuwa. Sikuwa na neno la kulisemea jambo hilo, si kwa Kiiraqw wala kwa Kiswahili cha shule, lakini wewe ulikuwa umeinama chini ya kitambaa chako cheusi unaniangalia kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha kamera, na ukaniona vizuri kuliko wote walioniona nimesimama wima.

Wiki moja kabla ya harusi nikanyoa nywele kwa wembe wa baba nikatembea mpaka mlangoni kwako. Operesheni ya vijiji ilikuwa imeanza, malori yanashusha watu kila siku na kila mtu ni mgeni kwa jirani yake. Kijana mmoja zaidi, aitwaye Safari, hakumshangaza mtu. Ukanipa ndoo ya kusuuzia picha na godoro nyuma ya pazia lenye mlima uliochorwa na theluji nyingi kupita kiasi.

Na kila mwaka baada ya kuvuna ukanisimamisha pale pale, na koti lile lile. Nilikuuliza mara moja kwa nini unapoteza filamu, na filamu zenyewe zilikuwa shida, tunaletewa moja moja na wale wachunga ng'ombe wa Soitsambu wanaovuka mpaka. Ukasema, "Ipo siku mtu atakuambia hukuwa hivi. Picha moja wanaweza kuikana. Zikiwa nyingi watashindwa."

Leo mchana nimezipanga negativu zote kumi na mbili kwenye dirisha. Hakuna daktari aliyenigusa, Fundi, tazama mwenyewe. Ni jembe, ni ndoo za maji, ni kile kitambaa nilichojifunga kifuani mpaka mbavu zikauma, na ni miaka. Katika ile ya mwaka wa pili shingo imekakamaa na nimekunja uso kama mtu aliyekunywa mwarobaini. Ya mwaka wa nne mabega yamelifikia koti. Ile ya mwaka wa saba nacheka, kwa sababu ulipiga mara mbili ukiwa umesahau kifuniko kwenye lenzi, na huku unaniambia mimi ndiye nimetikisika. Ya mwisho, ya mwaka huu, sijiangalii tena nimesimamaje. Nakuangalia wewe. Ulikuwa umeshaanza kukohoa.

Lakini unadhifu wako! Hukuweza kukiacha kitu bila kukifunga kwenye chenzake. Kila mwaka, kwenye kila mstari, uliandika: Safari, angalia namba 212. Mara kumi na moja. Mtu yeyote anayejua kusoma akianza na namba iliyo nyuma ya picha ya Gwandu atanifikia kabla uji haujapoa. Mpiga picha mzembe angeniokoa.

Na Ayo akamalizia. Alikuwa mlangoni anapepeta ulezi, akasikia habari ya namba, akapaza sauti kumjibu Gwandu kwamba mwanawe hakuwahi kupoteza negativu ya mtu, kwamba kitabu kipo, na siku tukifunguliwa aje. "Mwenye namba apewe picha yake," akasema. Maneno yako mwenyewe, yale uliyokuwa ukiwaambia wateja kila siku. Aliyasema kwa fahari kabisa, machozi yanamlengalenga. Ningemlaumu vipi?

Gwandu akauliza kama hicho kitabu kinasema pia yule binti alikwenda wapi. Ayo akasema kitabu kinasema yote.

Ndipo akaeleza shida yake. Baba amekufa. Amekufa tangu mwaka juzi, Fundi, na mimi nimepata habari hiyo nikiwa na shoka mkononi, nikisemeshwa kama mtu baki, nisiweze hata kuketi. Nikapasua gogo lingine. Gwandu akasema baba alikata roho ameninunia, na tangu hapo ndama wanazaliwa wamekufa, na wazee wa ukoo wameketi wakaamua kwamba mji hautapoa mpaka yule binti arudishwe nyumbani na kufanyiwa ya kufanyiwa. "Arudi mzima au vinginevyo," akasema. Alisema taratibu, kama anayetaja bei ya mbuzi. Nilimuuliza vinginevyo ni vipi. Akafunga picha yake kwenye nailoni.

Amekuja mara tano. Anakuja kila anaposhuka mnadani, anasimama pale jiweni, hatii mguu ndani, maana naye anaogopa uchafu wa kifo kama wengine. Mara ya pili aliuliza nimekuwa hapa miaka mingapi. Mara ya tatu aliuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Arusha. Mara ya nne hakuuliza kitu. Alinitazama nikibeba kuni kutoka ukutani mpaka mlangoni, kisha akasema, "Wewe, unatembea kama marehemu baba yangu." Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

Mara ya tano alikuja na wanaume wawili nisiowajua.

Martina anataka nizichome negativu. Mke wangu huyo ulimpenda kwa sababu hakuwahi kukubali kushusha kidevu ulipomwambia, sasa ndiye anayeleta chakula jiweni, na kila jioni anarudi nyuma hatua zake, anajifanya anafunga kanga, na kunisemesha bila kunitazama. Nilimweleza kwamba uliniomba nizitunze. Akasema, "Choma, Safari. Mimi sikuolewa na picha." Hana kosa. Amenipokea nilivyo tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye atakayebaki na watu wa Karatu wakimcheka kisimani endapo mambo yatamwagika. Au atakayebaki peke yake, hilo hakulisema.

Nilijaribu. Jumapili, Ayo akiwa anasali rozari, niliichukua 212 nikachutama nayo jikoni karibu na mafiga. Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango kwanza, kwa mazoea tu, kama ulivyonizoesha kukagua kabla ya kutupa. Nikamwona yule msichana, uso mweusi na nywele nyeupe kama wanavyokuwa kwenye negativu. Nilikuwa nimemchukia miaka kumi. Lakini hakunikosea kitu, Fundi. Ndiye aliyenyoa nywele. Ndiye aliyetembea ile njia yote kutoka Mbulu miguu imepasuka, ili mimi nifike. Nilishindwa kumtia motoni. Nikairudisha kwenye bahasha yake na nikaogopa kuliko nilivyoogopa tangu nizaliwe.

Unakumbuka Olbalbal? Ule mwaka ulionisimamisha nje badala ya studio. Yule mzee wa Kimasai alitaka apigwe picha na fahali wake kabla kiangazi hakijamchukua, tukashuka kule kwa miguu na kamera mgongoni, midomo imekauka mpaka tukaacha kuzungumza. Wakatupa maziwa kwenye kibuyu, na wazee wakaniangalia kidevu, wakakuuliza mbona kijana wako hana hata unywele mmoja. Ukawajibu bila kupepesa, "Huyu amekulia chumba cha giza, ndevu zimekosa jua." Walicheka mpaka fahali akashtuka. Nikalala kwenye nyumba ya vijana wa kiume usiku ule na hakuna aliyeniuliza kitu. Au ule mwaka wa vita vya Kagera, majina ya vijana yanaitwa kwa ajili ya mgambo na kila mmoja anavuliwa shati apimwe, ukaja mbio na aproni yako ya madawa ukamwambia katibu kwamba mimi ndiye nasafisha picha za vitambulisho, wakinichukua wasitegemee hata kimoja. Nilidhani siku ile ndiyo ilikuwa mwisho wa hatari, na tulikula nyama.

Jana mchana Ayo aliniita nikamkuta amekaa na daftari lako mapajani, amelifuta vumbi. Hajui kusoma, unajua, lakini anapenda kulishika. Akasema mteja anakuja keshokutwa, amesubiri kwa heshima mwezi mzima, si vizuri akute picha yake haijasafishwa. Nimsomee 212 imeandikwaje, kisha niingie kazini.

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ukurasa umeliwa na mchwa na angelia na yangeisha. Lakini angelia kwa sababu mwanawe alipoteza kitu cha mtu, na hilo hukulistahili. Nikamsomea. Nilisoma jina lile la zamani kwa sauti, mara ya kwanza tangu nikimbie. Nikasoma kijiji. Nikageuza kurasa nikamsomea 213, na zote zilizofuata, mwaka baada ya mwaka, na kila nilipofika kwenye angalia namba 212 nililisoma hilo pia. Nilipomaliza nilikuwa natazama sakafu.

Akalifunga daftari. Kisha akauliza kama yule mwanamume anayekuja jiweni ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ana nia mbaya. Nikasema sijui, na hiyo ndiyo kweli, sijui. Akajikuna kiganja, akasema, "Mimi ni mzee. Naweza kusema nilikosea kuhesabu. Tutakaa ndani mwezi mwingine, na mwingine tena. Nani atabisha na mama aliyefiwa?"

Angeweza, Fundi, na hakuna mtu Karatu nzima ambaye angethubutu kuondoa tawi moja. Lakini nimemwona anavyokwenda. Anakula kiganja kimoja cha ugali kwa siku, ng'ombe wake wawili hawachanganywi na wengine mtoni wasije wakaambukiza msiba na mmoja ameshalala chini, na usiku anaongea nawe kwa sauti kana kwamba uko chumba cha pili. Mwezi mwingine utamzika. Siwezi kukaa hai nyuma ya mama yako. Nikamwambia hapana, afungue siku aliyoisema.

Hakubishana. Akanena, "Basi ukitoka, ukiulizwa wewe ni wa nani, sema wa Boay, wa nyumba hii. Nimezaa mmoja, nimezika mmoja. Sijasema wameisha." Kisha akaniambia dawa zitapoa, niende nikamsafishie mtu picha yake.

Nimeisafisha. Imetoka vizuri, nyeusi yake nyeusi, nyeupe yake nyeupe, ungeitazama mara mbili na kunung'unika mara moja.

*

Kumekucha. Naendelea nilipoachia jana, mwandiko utanisamehe.

Gwandu yuko jiweni tangu kabla jua halijachomoza. Wale wawili wako naye. Mmoja ana kamba ya ngozi begani, ya kufungia ndama, na sioni ndama. Hawavuti hata tumbaku. Martina yuko upande wa pili wa njia, amesimama peke yake, na wanawake wanaoteka maji wamekaa mbali naye.

Picha imekauka. Nitampelekea mwenyewe, mkononi, na nitamsemesha Kiiraqw. Nitampa pole ya baba. Akiniuliza yule binti yuko wapi nitamwambia alifika Karatu salama, kwa sababu ni kweli. Akiuliza zaidi ya hapo nitamjibu zaidi ya hapo. Naogopa, sitakuficha wewe uliyenitazama miaka kumi bila kunikwepa.

Ahadi yangu ni hii. Negativu hazichomwi, si na mimi wala na mtu mwingine. Jioni nikirudi nitazisafisha zote kumi na mbili na kuzitundika kwenye ukuta wa mbele, mwanzo hadi mwisho, Karatu ije itazame ikitaka, na Martina atanigombeza na nitamwacha anigombeze. Nisiporudi, Ayo anajua zilipo, na ingawa hajui kusoma, kuhesabu mpaka kumi na mbili anajua.

Lala, Fundi. Sina hasira tena. Kondoo ameshanyamaza, na Ayo anavuta tawi la kwanza.

Mimi mwanao,
Safari Boay